Brigedi ni Nini? Maneno kwa Waliokimbia Vita na kwa Mashefu wa Vijiji



Siku za vita tunasikia neno "brigedi" kila mara, lakini ni nani anayetueleza maana yake? Tuchukue ile tuliyoiona kwetu. Tarehe 28 Machi 2013, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2098, liliamua kuunda brigedi ya kuingilia kati, makao yake Goma. Waaskari walipangwa kuwa 3,069, kutoka Tanzania, Afrika ya Kusini na Malawi.

Ndani yake mlikuwa na batalioni tatu za waaskari wa miguu. Batalioni ni watu mia kadhaa. Inagawanyika katika kompani, na kompani katika platuni za watu kama 30. Tena kulikuwa kompani moja ya makomando na wapelelezi, pamoja na kikosi cha mizinga. Hapo ndipo penye nguvu. Mpelelezi anaona, ofisi ya mkuu inapima kwenye ramani, mizinga inapiga ng'ambo ya kilima, halafu waaskari wa miguu wanapanda. Redio ikikatika, hao wote ni makundi tu. Nao wenye malori ya mafuta, wapishi na waganga, ambao hakuna anayewahesabu, wakikosekana brigedi haimalizi juma.

Brigedi hiyo ilisaidia jeshi letu, FARDC, na helikopta za Rooivalk za Afrika ya Kusini zilipiga vilima vya Chanzu. Tarehe 5 Novemba 2013 M23 walitangaza kuacha vita. Hata hivyo Januari 2025 Goma ilianguka tena mikononi mwao. Silaha zilifukuza watu. Maneno yaliyowaleta yalibaki.

Sasa ninyi mashefu, sikieni vizuri. Kombora la mota ya milimita 120 linafika kilometa 7 hivi, na mzinga wa milimita 122 kilometa 15. Adui akijibu, anajibu pale moto ulikotoka. Kwa hiyo hema lililo kando ya mizinga limo ndani ya shabaha. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia makambi ya upande wa Mugunga, karibu na Goma, yakaua watu waliokwisha kukimbia mara moja. Sheria ya vita inawataka wenye silaha wote waepuke kuweka mizinga karibu na raia wengi. Ni haki yenu kuomba ihamishwe.

Lakini msimwombe askari wa kizuizi, hana amri hiyo. Mwombeni mkuu wa kompani awafikishe kwa mkuu wa batalioni, naye apeleke neno kwa brigedi, kwani ndiyo inayoamuru mizinga. Nendeni mchana, watu watatu au wanne, mama mmoja awe kati yenu. Andikeni hesabu ya familia na mahali zinapolala kwenye karatasi mbili: moja waachieni, ya pili rudini nayo.