Bei ya Chakula cha Nyumbani Ughaibuni, na Yanayowahusu Wakulima wa Rukanga



Malalamiko ya Wakenya walioko ng'ambo kuhusu gharama za jikoni yanajulikana hadi huku Kasigau, Taita Taveta. Pakiti ya unga wa ugali, fungu la mchicha au kilo ya pojo, vitu ambavyo hapa hununuliwa bila kufikiriwa sana, huko huuzwa kwa bei ya kumfanya mtu airudishe bidhaa rafuni. Anayeulizwa sababu hutaja mojawapo ya tatu: umbali, ushuru au tamaa ya wenye maduka. Zote zina chembe ya ukweli, ila hakuna inayogusa kiini. Hoja ya mada hii ni kwamba bei ya chakula ugenini huamuliwa kwanza na wingi wa walaji wanaokigawana. Chakula kinacholiwa na mataifa mengi huwa rahisi hata kikivuka bahari mbili, na kile kinacholiwa na watu wachache hubaki ghali hata ushuru ukifutwa. Tukilikubali hilo, basi ndoto ya kuwauzia ndugu zetu wenyewe chakula cha hapa kwetu Rukanga ina kasoro, na ipo njia nyingine iliyo bora kuliko hiyo.

Nianze na umbali, kwa kuwa ndio unaoaminika zaidi. Waridi la Naivasha hukatwa, hupandishwa ndege Nairobi na kuuzwa katika maduka ya kawaida ya Uholanzi na Uingereza kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida anaimudu. Mishiri ya Kirinyaga nayo husafiri hivyo hivyo, kwa ndege, ambayo ndiyo njia ghali kuliko zote, na bado huwekwa rafu moja na mboga zilizolimwa hukohuko Ulaya. Sasa tazama muhogo. Sehemu kubwa ya muhogo unaoliwa na Waafrika na watu wa Karibea walioko Ulaya na Marekani hutoka Costa Rica. Kutoka Costa Rica hadi London ni mbali kuliko kutoka Nairobi hadi London, lakini muhogo wa Costa Rica ndio uliojaa masokoni. Ingekuwa umbali ndio unaopanga bei, mambo yangekuwa kinyume. Waridi, mishiri na muhogo huo vina jambo moja la pamoja: hununuliwa na watu wengi, kila wiki, na wengi wao hawajali vimetoka nchi gani.

Wingi huo hushusha bei kwa hesabu ya kawaida kabisa. Kontena la futi 20 hubeba tani 20 na zaidi za nafaka, yaani kiasi cha pakiti 10,000 za kilo mbili. Hati za forodha, cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, vipimo vya maabara, malipo ya wakala bandarini na kodi ya bohari upande wa pili hulipwa iwe mzigo ni pakiti 10,000 au 200. Gharama hizo zikigawanywa kwa 10,000, mlaji hazioni. Zikigawanywa kwa 200, kila pakiti inabeba mzigo mzito kuliko thamani ya unga wenyewe. Anayesafirisha kidogo ni sawa na mtu aliyekodi matatu nzima kutoka Maungu hadi Rukanga akapanda peke yake. Dereva hakumdhulumu, viti vilivyobaki wazi ndivyo vilivyomgharimu. Na kwa anayetegemea abiria wa ndege, begi la kawaida la kilo 23 huchukua pakiti 11 tu, na nguo zimebaki nyumbani.

Ndiyo maana bei ya mahindi kwetu haina uzito mkubwa katika bei ya unga wa ng'ambo. Julai 2022 serikali ilitoa ruzuku iliyoshusha pakiti ya kilo mbili hadi shilingi 100 kutoka zaidi ya 200. Nafuu hiyo, hata kama ingemfikia mlaji wa London kamili, ingekuwa chini ya dola moja, na ingemezwa na gharama za njiani kabla ya kufika dukani.

Wapo watakaosema ni ushuru. Hapa inafaa kutenganisha pande mbili. Mgeni anayeishi Nairobi au Diani na kununua jibini la Ufaransa au nafaka za kifungua kinywa za Uingereza analipa kodi kweli: tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoza asilimia 35 kwa bidhaa nyingi zilizokwisha tengenezwa, na Kenya inaongeza VAT ya asilimia 16 pamoja na ada nyingine za uingizaji. Shilingi ilipoporomoka hadi karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, wageni hao waliumia zaidi. Lakini Mkenya aliyeko Ulaya hawezi kutoa udhuru huo. Mkataba wa kibiashara wa Kenya na Uingereza ulianza kutumika Machi 2021, na ule wa Umoja wa Ulaya Julai 1, 2024. Mazao yetu ya kilimo huingia huko bila ushuru wa forodha, na Uingereza haitozi VAT kwa vyakula vingi vya msingi. Ushuru haupo, ila bei ya unga wa Kenya dukani iko juu. Tamaa ya wenye maduka nayo haitoshi kueleza, maana duka lilelile linalouza mchele wa basmati kwa faida nyembamba ndilo linalouza unga wetu ghali. Mchele unaisha kwa siku moja, unga unakaa miezi, na mwenye duka anajua kwamba baadhi ya pakiti zitaingia wadudu kabla ya kununuliwa.

Ushahidi mzito zaidi uko katika vyakula vyetu ambavyo, bila sisi kukusudia, vinaliwa pia na wengine. Sukuma wiki katika majimbo ya kusini ya Marekani ni mboga ya kila siku ya Wamarekani weusi, na Mkenya aliyeko Atlanta huinunua kwa bei ya wenyeji. Mchicha huuzwa London katika makopo, kwa sababu Wajamaika nao wanaula. Kunde kavu zina Wanigeria na Wabrazili. Pojo, mbaazi na dengu zimejaa maduka ya Wahindi, na muhogo ulipata wapishi wapya Uingereza baada ya Waasia wa Uganda kufukuzwa mwaka 1972 na maelfu yao kuhamia huko. Hadi leo huuzwa Leicester na London kwa jina la mogo. Linganisha na majani ya kunde, ambayo karibu hakuna mwingine anayeyatafuta huko: ni adimu, na yakipatikana ni ghali. Wimbi ni mfano wa kushangaza kidogo. Wahindi wanaula na kuuza kwa bei nafuu, ila ukivuka barabara na kuingia duka la vyakula vya afya, unga huohuo umepandishwa bei kwa sababu walaji wake hapo ni watu wenye fedha. Kwa hiyo wingi wa walaji ni kanuni kubwa, ila si kanuni pekee.

Pingamizi la ladha nalipa heshima yake. Mtu atasema sukuma ya Georgia si ya Wundanyi, na ugali wa unga wa Afrika Kusini haushikani kama wetu. Ni kweli. Lakini anayetaka ladha ileile kabisa anataka kitu ambacho wachache wanakitaka, na hicho hulipiwa. Kimanga, chakula chetu cha nyumbani, kinaweza kupikwa kwa muhogo wa Costa Rica na maharagwe ya Mexico. Mpishi ndiye anayekifanya kimanga. Historia ya hapa inaunga mkono hilo. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Kasigau kwa nguvu hadi Malindi, ikiwatuhumu kuwasaidia Wajerumani. Wengi walikufa huko kwa njaa na maradhi, na waliosalia walikaa miaka mingi kabla ya kurudi mlimani. Hakuna aliyewatumia vifurushi vya chakula, na bado walirudi wakiwa watu wa Kasigau.

Pingamizi la masharti ya afya linahitaji muda zaidi, kwa kuwa hapa ndipo wakulima huvunjika moyo. Tangu Desemba 14, 2019 msafiri anayeingia Umoja wa Ulaya hawezi kupita na mboga au matunda mabichi bila cheti, isipokuwa matunda matano: ndizi, nanasi, nazi, tende na durian. Embe halimo. Nyama na maziwa havipiti kabisa. Nafaka inayokwenda kwa mlaji haipaswi kuzidi mikrogramu 4 za aflatoksini, yaani sumu ya kuvu, kwa kilo, ilhali kiwango cha Kenya ni 10. Baadhi yetu huyaita masharti haya ujanja wa kutufungia soko. Waliozika jamaa zao Makueni na Kitui mwaka 2004, mahindi yenye sumu ya kuvu yalipoua watu 125, hawawezi kuyaita hivyo. Kenya yenyewe ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda Machi 2021 kwa sababu hiyohiyo, jambo lililogusa mpaka wetu wa Taveta na Holili moja kwa moja. Kukausha nafaka vizuri kunamfaa mtoto wa Rukanga kabla ya kumfaa mlaji wa Paris.

Sasa turudi nyumbani, kwa maana kanuni ninayoieleza inafanya kazi hata hapa chini ya mlima. Zaidi ya nusu ya eneo la kaunti yetu ni Hifadhi za Tsavo, tembo hawasomi mipaka, na kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kufaa. Rukanga hununua sehemu kubwa ya mahindi yake kutoka nje. Unga ukishashuka kwenye lori barabara kuu, unasafiri tena kidogokidogo hadi duka linalouza pakiti chache kwa siku, na bei ya hapa inaizidi ya Voi. Mkazi wa Rukanga na Mkenya wa London wanabebeshwa gharama ya aina moja.

Kuna atakayeuliza: kaunti inayonunua mahindi itauzaje chakula nje? Swali zuri, na jibu liko kwenye pojo. Pojo huvumilia ukame kuliko mahindi, hukomaa mapema na kilo yake huuzwa ghali kuliko kilo ya mahindi. Mkulima anayeuza pojo kununua mahindi hajapungukiwa. Pia ni zao la walaji wengi. Mombasa, yenye watu zaidi ya milioni 1.2 kwa sensa ya 2019, iko mwendo wa saa chache, na wafanyabiashara wake wanajua kujaza kontena. Gunia la Rukanga likiingia katika mzigo wao, linagawana gharama na maelfu ya magunia mengine. Kwa upande mwingine, wazo la kuwa na pakiti yenye picha ya Mlima Kasigau kwa ajili ya Wataita walioko Marekani ni wazo la kukodi matatu peke yako.

Tusijidanganye kwamba soko la wengine halina hatari. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingizwa, na wakulima wa Msumbiji na Tanzania wakabaki na mazao yasiyo na mnunuzi. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 2021. Ndiyo sababu soko la Mombasa litangulie na la ng'ambo lifuate. Zao ambalo hata mkulima mwenyewe halili ni zao la kuogopa; pojo zikikosa mnunuzi, zitapikwa.

Nasi tunao mfano uliokwisha fanya kazi. Vikapu vya mkonge vinavyosukwa na akina mama wa Kasigau vinauzwa nje ya nchi, na wanunuzi wake ni watu wasio na jamaa hata mmoja huku. Kama vingewategemea wenyeji wa hapa walioko ughaibuni, vikundi vingekufa zamani.

Ndugu zetu walioko nje wana nafasi yao, ingawa si ile ya mnunuzi. Wakenya walioko ng'ambo walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 mwaka 2024, Marekani ikiongoza na Saudia ikiwa imepanda hadi nafasi za juu. Wengi walioko Saudia ni wafanyakazi wa nyumbani wanaokula kwa mwajiri, kwa hiyo bei ya unga haiwagusi sana. Wanaojipikia Ulaya na Marekani wajue maduka ya Wahindi, Wajamaika na Wameksiko kabla ya kuagiza kifurushi, na tofauti ya bei waielekeze kwenye kitu chenye faida hapa: kipima unyevu cha nafaka, maturubai ya kuanikia, ghala dogo lenye sakafu kavu.

Kwa vikundi vilivyoko ukumbini, ombi langu ni la msimu ujao wa vuli. Pandeni pojo za aina moja, zianikeni juu ya turubai na si juu ya udongo, zipimeni unyevu kabla ya kufunga magunia, na mkutane kuziuza kwa pamoja, kwa mzani mmoja, kwa mnunuzi mnayemfuata Mombasa wenyewe badala ya kumngojea dalali Maungu.