Donda la Kinywani Lisilouma

Desturi ya watu wengi ni kwenda hospitali waonapo maumivu. Mtu akiumwa na jino hatalala; kukipambazuka atatembea maili nyingi kumtafuta wa kuling'oa. Lakini saratani ya kinywa haibishi hodi kwa maumivu. Mara nyingi huanza kama baka jeupe au jekundu ndani ya shavu, au kidonda kidogo kando ya ulimi, na mwenyewe hula na kuzungumza kama siku zote. Maumivu yajapo, ulimi ukawa mzito na chakula kikawa taabu kumeza, pengine maradhi yamekwisha kushuka kwenye tezi za shingo, na hapo kazi ya daktari ni ngumu mno.

Jambo la kusikitisha ni kwamba kinywa si kama ini lililofichika tumboni. Hufunguka, na mwanga wa tochi huingia. Mchunguzi hutazama midomo, ufizi, mashavu kwa ndani na kaakaa. Huushika ulimi kwa kitambaa safi, akauvuta huku na huku ili aone pande zake na chini yake. Kisha hupapasa shingo kutafuta uvimbe. Kazi hiyo ni ya dakika chache, wala haina maumivu.

Faida yake imejaribiwa huko Bara Hindi, katika jimbo la Kerala, nchi ya pwani ambako wengi hutafuna tambuu yenye tumbako, kama wafanyavyo baadhi ya watu wa Mombasa na Lamu. Kuanzia mwaka 1996, watu karibu laki mbili wa wilaya ya Trivandrum, wenye umri wa miaka 35 na zaidi, walitiwa katika mpango huo. Sehemu 7 za wilaya zilitembelewa na wachunguzi kila baada ya miaka mitatu hivi, na sehemu 6 zikaachwa na matibabu ya kawaida ili hesabu zilinganishwe. Waliopita nyumba kwa nyumba hawakuwa madaktari. Walikuwa watu waliosoma, wakafundishwa kuyatambua mabaka na vidonda, na waliyemshuku wakampeleka kwa daktari.

Hesabu ilipotangazwa mwaka 2005, ilionekana kwamba miongoni mwa waliotumia tumbako au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilikuwa vimepungua kwa 34 katika kila 100. Kwa wasiotumia vitu hivyo faida haikuonekana. Hilo lisifichwe, kwa maana laonyesha ni nani anayepaswa kutangulia kufungua kinywa: mvuta sigara, mwenye kutia ugoro mdomoni, mnywaji pombe, na zaidi ya hao, yule achanganyaye pombe na tumbako.

Na mla tambuu je? Wako wasemao kwamba uraibu usio na tumbako hauna dhara. Hao wamepitwa na habari. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilichapisha uamuzi wake kwamba popoo yenyewe huleta saratani, hata isipotiwa tumbako. Popoo hufanya pia nyama ya ndani ya mashavu ikakamae, hata baada ya miaka mtu hawezi kupanua kinywa apate kula sawasawa. Mlaji aonaye kwamba kinywa chake hakifunguki kama zamani asidhani ni uzee.

Wengi huogopa kutazamwa kwa sababu hudhani kwamba kila baka ni hukumu ya kifo. Sivyo. Mabaka meupe yaliyo mengi hayageuki saratani, na mengine hupungua mtu aachapo kutafuna au kuvuta. Jekundu ndilo la kuhofiwa zaidi. Kukiwa na shaka, daktari hutia ganzi, akakata kipande kidogo cha nyama kikatazamwe kwa hadubini. Kidonda kisichopona kwa majuma mawili au matatu kipelekwe hospitali hata kama hakiumi, wala kisisuguliwe kwa chumvi wala kuchomwa kwa dawa kali. Na wenye meno ya bandia wayatoe kabla ya kutazamwa, kwa kuwa chini yake nako vidonda hujificha.