Mkoba wa Mkononi: Mama Anaposafiri Ng'ambo na Mtoto

 

Leo nazungumza nawe mama ambaye tiketi imeshakatwa. Pengine baba watoto yuko Uingereza na viza imetoka baada ya kungoja kwa muda mrefu. Pengine wewe ni nyanya, binti yako amejifungua huko na amekuita ukamsaidie kulea. Sanduku kubwa liko wazi juu ya kitanda, na kila anayepita mlangoni ana neno: tia unga wa wimbi, tia majani chai, usisahau mboga kavu za shangazi.

Hilo sanduku kubwa sitalishughulikia sana. Ukishalikabidhi pale uwanja wa Jomo Kenyatta, hutaliona tena mpaka ufike, na mara nyingine wewe hufika leo nalo likafika keshokutwa, hasa ikiwa unabadilisha ndege Doha, Dubai au Addis Ababa. Tutazame ule mkoba utakaoingia nao ndani ya ndege. Huo ndio zahanati ya mtoto wako njiani. Kitu chochote ambacho mtoto hawezi kukaa siku mbili bila hicho, mahali pake ni humo.

Tuanze na dawa. Ikiwa mtoto ana pumu, kifafa, kisukari, selimundu au ugonjwa mwingine wa kutumia dawa kila siku, dawa zote ziwe mkononi. Usizigawe nusu huku nusu kule. Beba za kutosha safari nzima na uongeze za wiki mbili, kwa sababu kumwona daktari katika nchi ngeni huchukua siku. Insulini usiitie kabisa katika sanduku la chini, kwa kuwa kule chini ya ndege inaweza kuganda kwa baridi na ikaharibika.

Dawa zikae katika paketi au chupa zake za dukani, zikiwa na karatasi yenye jina la mtoto. Najua wengi wetu tunapenda kuhamishia vidonge katika kikopo kimoja ili kupunguza mzigo. Safarini usifanye hivyo. Mwombe daktari barua fupi kwa Kiingereza, inayotaja jina la mtoto kama lilivyo katika pasipoti, ugonjwa wake, na jina halisi la kila dawa. Jina la kampuni halitoshi, maana dawa ile ile huuzwa kwa majina mengine nchi nyingine.

Wewe unayeelekea nchi za Ghuba, hapa sikiliza vizuri zaidi. Dawa za maumivu kama tramadol, na dawa yoyote yenye codeine, zikiwemo baadhi ya dawa za kikohozi, zimewekewa masharti makali katika Falme za Kiarabu. Unatakiwa kupata idhini ya wizara ya afya ya huko kabla hujasafiri. Watu wameshikwa kwa dawa ambazo kwao ni za kawaida. Soma kijikaratasi kilicho ndani ya paketi, na usipoelewa mpelekee mfamasia akusomee. Dawa za mitishamba zilizofungwa kwenye gazeti ziache nyumbani. Na kwa kuwa tumegusa jambo hili: usikubali kubeba kifurushi cha mtu ambacho hukukifunga wewe mwenyewe, hata kama ni cha jirani mnayesali pamoja. Miraa, kwa mfano, ni halali hapa kwetu, lakini Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014.

Dawa za dharura ni chache tu. Weka paracetamol ya maji ya watoto pamoja na kijiko au bomba lake la kupimia, paketi mbili tatu za ORS, na kipimajoto. Aspirini mtoto asipewe.

Kuna dawa nyingine nimeulizwa mara nyingi: ile ya mafua inayoleta usingizi, mtoto apewe kidogo ili alale njia nzima. Jibu langu ni hapana. Kwa mtoto mdogo dawa hizo zinaweza kupunguza nguvu ya kupumua, na watoto wengine huwafanyia kinyume, akawa macho usiku mzima akihangaika na kupiga kelele. Mtoto akilia ndani ya ndege, abiria watavumilia. Nao waliwahi kuwa watoto.

Sasa chakula. Tangu mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza kuzima njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji, viwanja vingi vya ndege duniani viliweka sheria kwamba abiria asiingie na chupa ya kitu cha majimaji inayozidi mililita 100. Baadhi ya viwanja vimeanza kulegeza. Lakini maziwa ya mtoto, maziwa ya mama yaliyokamuliwa, chakula cha mtoto na dawa kwa kawaida huruhusiwa hata vikizidi kipimo hicho. Vitoe mapema uviweke kando, useme ni vya mtoto, na usikasirike wakitaka kuvipima.

Mama anayenyonyesha ana mzigo mwepesi kuliko wote. Hana chupa ya kuosha wala maji ya kuchemsha. Nyonyesha kila mtoto anapotaka, nawe mwenyewe unywe maji kila unapopewa, maana hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana. Ikiwa umekamua maziwa, yanakaa takriban saa 4 katika joto la kawaida la chumba, na hadi saa 24 katika kikasha chenye vipande vya barafu.

Anayetumia maziwa ya unga apime unga wa kila mlo katika kikopo chake, akaribie na chupa kadhaa safi zilizokauka, na aombe wahudumu maji yaliyochemshwa. Changanya wakati mtoto ana njaa, yaache yapoe, yajaribu kwenye mkono wako. Yakibaki, yamwage. Uji katika themosi vilevile una hatari yake. Ukikaa vuguvugu kwa masaa mengi, vijidudu huzaana humo, na kuharisha ndani ya ndege ni taabu kubwa kwa mtoto na kwa mama. Ndizi mbivu na mkate mkavu ni salama zaidi kwa aliyekwisha kuanza kula. Nyama na maziwa, na hiyo ni pamoja na mursik na nyama kavu, Uingereza na nchi za Ulaya haziruhusu abiria kutoka kwetu kuingia navyo. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yanaruhusiwa hadi kilo 2, yakiwa katika kopo lake ambalo halijafunguliwa.

Ndege inapopanda, na zaidi inapoanza kushuka, masikio huziba na kuuma. Mtu mzima humeza mate, mtoto hulia. Mpe titi au chupa wakati huo, kwani kule kumeza ndiko kunakofungua masikio. Kushuka huanza mapema, karibu nusu saa kabla ya kutua, basi usimnyonyeshe akashiba kabla rubani hajatangaza. Mtoto mwenye mafua makali au sikio linalotoa usaha aonwe na daktari kabla ya siku ya safari.

Kuhusu nguo, msivalishe watoto koti moja nene tangu Nairobi. Mvalishe nguo nyepesi tatu, moja juu ya nyingine, ili uvue na kuvika kadiri inavyohitajika. Weka mkononi nguo kamili mbili za mtoto na blauzi moja yako mwenyewe, kwa sababu akitapika hatapika peke yake. Nepi hesabu moja kwa kila saa mbili au tatu, kisha ongeza za siku nzima. Na usiache leso. Leso moja ni shuka, ni pazia la kunyonyeshea, ni kitambaa cha kutandika kwenye kiti unapombadilisha, na ni mbeleko pale unapotembea mwendo mrefu kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Ila ndege inaporuka na inapotua, usimfunge mtoto kwa leso. Fuata wahudumu watakavyokuonyesha kumshika au kumfunga mkanda. Kama unataka kitanda kidogo cha kichanga kinachotundikwa mbele ya kiti, omba siku unayonunua tiketi, na uulize kinabeba kilo ngapi.

Jambo moja la vifaa lisingoje mpaka ufike. Uingereza, mtoto aliye katika gari la nyumbani lazima akae katika kiti maalumu cha watoto hadi atimize miaka 12 au afikie urefu wa sentimita 135. Huwezi kumpakata tu kama tunavyofanya kwenye matatu. Mwambie atakayekupokea uzito, urefu na umri wa mtoto ili aje na kiti kinachomfaa. Kitabebwa na yeye, wewe usihangaike kukibeba kutoka huku.

Karatasi nazo ni dawa. Kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto kiwe pamoja na pasipoti, na nakala yake au picha katika simu. Bila hicho, daktari wa huko hajui mtoto amechanjwa nini, na anaweza kuanza upya. Usishangae hata hivyo wakirudia chanjo ya surua aliyopata akiwa na miezi 9. Uingereza huhesabu zile za kuanzia mwaka mmoja. Homa ya manjano ina kadi yake. Nchi kama India na Afrika Kusini huwadai kadi hiyo wasafiri wanaotoka Kenya, na huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchanjwa. Kwa hivyo usiende kuchanjwa siku ya mwisho. Tangu Julai 2016 kadi hiyo hudumu maisha yote. Kichanga kisichotimiza miezi 9 kwa kawaida hakichanjwi. Pata barua ya daktari inayoeleza sababu.

Nimebakisha jambo ambalo linanisumbua kuliko yote. Desturi yetu ni kwenda kuaga. Kabla ya safari, mtoto hupelekwa kwa nyanya yake Siaya, Busia, Homa Bay au Kilifi, akalala huko wiki moja, kisha Nairobi, kisha ndege. Mbu akimuuma kule, malaria haionekani siku hiyo. Kwa kawaida huchukua wiki moja au zaidi, mara nyingi ndani ya mwezi mmoja, na wakati mwingine miezi kadhaa. Ndipo mtoto anashikwa na homa yuko Leeds au Birmingham, theluji nje, na kila mtu anasema ni baridi tu, hajazoea. Hata daktari anaweza kudhani ni mafua, kwa sababu malaria si ugonjwa anaouona kila siku. Nayo malaria kwa mtoto mdogo inaweza kuwa kali ndani ya siku moja.

Basi ukienda kuaga, mtoto alale ndani ya neti kila usiku. Kisha chukua karatasi ndogo, uandike kwa Kiingereza jina la mtoto, tarehe mlizolala Siaya au Kilifi, tarehe ya kuondoka Kenya, na maneno haya: mtoto ametoka sehemu yenye malaria, tafadhali mpime damu. Itie ndani ya kile kijitabu. Homa ikija usingoje kesho, na usimpe masazo ya dawa ya malaria uliyokuja nayo. Uingereza piga 111 kwa ushauri, au 999 akiwa amelegea, ana degedege au anapumua kwa shida. Usiogope gharama: matibabu ya malaria katika hospitali za serikali za England hayalipishwi, hata kwa mgeni. Onyesha karatasi kwa mtu wa kwanza mtakayekutana naye hospitalini, na usione haya kurudia neno malaria mara tatu.

Nyanya, sijakusahau. Vidonge vyako vya presha na sukari pia vinakaa mkononi. Simama utembee kila baada ya saa moja au mbili, na ukiwa umekaa zungusha vifundo vya miguu ili damu isigande. Ukiona mguu mmoja umevimba na kuuma baada ya safari, au pumzi inakukata, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na wewe pia, kama umetoka shambani Busia, karatasi ya malaria ni yako vilevile.

Mkoba ukijaa, uvae begani na umchukue mtoto, kisha uzunguke nyumba mara moja. Kama hauchukuliki sebuleni, hautachukulika Doha. Punguza vitu vya kuchezea, usiguse dawa.

Wiki ijayo tutamgeukia mama anayerudi nyumbani likizo na watoto waliozaliwa ng'ambo, na kinga ya malaria wanayohitaji kabla ya kufika. Mpaka wakati huo, kwaherini.