Mimba changa katika joto la Doha

Sheria ya kazi ya Qatar ya mwaka 2004 inampa mwanamke aliyetimiza mwaka kazini siku 50 za likizo ya uzazi yenye malipo. Wafanyakazi wa ndani, wakiwemo dada zetu wengi kutoka Afrika Mashariki, hawamo katika sheria hiyo. Tena, hata kwa anayeipata likizo hiyo, kazi kubwa ya mimba hufanyika mapema, kabla yake: kufikia wiki ya sita, moyo wa mtoto unadunda na msingi wa ubongo na uti wa mgongo umewekwa. Mama naye anaandamwa na kichefuchefu na uchovu, tumbo halijaonekana, na kiangazi cha Doha kinapita nyuzi 40. Asidi ya foliki, maji, mapumziko na kliniki ya mapema ndivyo vinavyohitajika sasa, kabla likizo haijafikiriwa.