Laptopu moja imerudi, moja tuliiua wenyewe



Mulituuliza: laptopu mbili za chama ziko wapi? Moja hii hapa mezani. Ile ingine tuliiua sisi. (Daftari la michango liko salama, maana linakaa kwenye diski, si kwenye bodi.)

Chaja inaleta volti 19. Lakini prosesa inataka karibu volti 1 tu, na sehemu zingine 5 ao 3.3. Kwa hiyo kwenye bodi kuna vituo vidogo vya kupunguza volti. Kila kituo kina transista mbili zinazofungua na kufunga kwa haraka sana, koili, na kapasita. Transista ya juu ikishikana, volti 19 zinapita moja kwa moja.

Ndivyo ilivyotokea kwa ile ya kwanza. Ilikuwa haiwaki, na sisi tukachomeka chaja, tukachomoa, tukachomeka tena, "tujaribu tu". Prosesa ikaungua. Kupima kungechukua dakika tano. Musiwalaumu vijana wa mafunzo. Ruhusa tulitoa sisi, tulikuwa na haraka ya ripoti.

Ya pili hatukuichomeka. Tulitoa batri kwanza, tukapima kwa multimeta njia ya volti 19 hadi kwenye ardhi ya bodi: karibu sifuri. Hapo kuna kitu kimeshikana. (Koili ya prosesa hata ikiwa nzima inasoma chini sana, isiwadanganye.) Fundi wa mtaani akatuazima mashine ya umeme inayopangwa volti. Tukaingiza volti 1 tu, tukapaka alkoli juu ya bodi, tukatazama. Alkoli ikakauka haraka juu ya kapasita moja, ndogo kuliko punje ya mchele. Kijana mmoja akapiga kelele: "Ni ile!" Tukaitoa, tukapima tena: kushikana kumekwisha. Mahali pake tukaweka ingine, tuliyoitoa kwenye njia ileile ya volti 19 ya ile bodi iliyokufa. Ikawaka.

Rafiki mulioahidi laptopu mpya, aksanti sana. Lakini tunaomba kwanza multimeta nzuri, mashine kama ile tuliyoazima, na bodi zenu zilizokufa. Musizitupe.