Mama Aliyekuwa Mtoto Wakati wa Vita

Leo tutaongea juu ya akina mama wenye watoto wadogo. Lakini hatutaanza na mtoto. Tutaanza na utoto wa mama mwenyewe.

Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo tunapenda kuwatupia akina mama. Mtoto akitukana, mama analaumiwa. Mtoto akiiba sokoni, mama analaumiwa. Basi ninauliza: na mama huyo, yeye alilelewa wakati gani?

Tuhesabu pamoja. Mwaka wa 1993, mauaji yalianza Walikale na kuenea Masisi. Julai 1994, wakimbizi karibu milioni moja kutoka Rwanda waliingia Goma na kandokando yake, kisha kipindupindu kikaua watu wengi sana. Mwaka wa 1996 vita vikaja. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka katikati ya mji. Oktoba 2008, watu waliokimbia vita walijaa Kibati. Novemba 2012 mji ulianguka mikononi mwa M23, na Januari 2025 ukaanguka tena. Mwezi uliofuata, kambi kubwa zilizouzunguka mji, kama Bulengo na Lushagala, zikavunjwa.

Sasa mchukue msichana aliyezaliwa mwaka wa 1998. Vita vya 2008 vilimkuta na miaka 10. Vya 2012 vilimkuta na miaka 14. Leo yeye ni mama. Amembeba mtoto mgongoni, na kabla ya mtoto huyo alishabeba mambo mengine ambayo hakuna aliyemsaidia kuyatua.

Mambo hayo yanafanya kazi gani ndani ya mtu? Mtoto anayeishi katika hofu kwa muda mrefu, mwili wake unajifunza kukaa macho. Moyo unadunda haraka, usingizi unakuwa mwepesi, sikio linatafuta hatari. Wakati wa vita jambo hilo linaokoa maisha. Shida ni kwamba vita vinaondoka, lakini mwili unaendelea kulinda zamu. Miaka inapita, anazaa. Mtoto analia usiku. Kwa mama mwingine, kilio ni njaa au gesi tumboni. Kwa huyu, kilio kinaamsha hofu ya zamani: wakati ule wa kujificha porini, mtoto aliyelia aliweza kuwaleta wauaji. Basi anapiga kelele, au anapiga mtoto, au anakaa kimya akitazama ukuta kama mtu asiyesikia. Halafu asubuhi anajichukia.

Jirani anasema: huyu ni mama mbaya. Mwingine anasema: amerogwa. Mimi ninawaambia: huyu amejeruhiwa, na kidonda chake hakionekani.

Si sisi peke yetu tunaojua jambo hili. Mwaka wa 1998, madaktari wawili wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, pamoja na wenzao, walitangaza uchunguzi waliofanya kwa watu wazima zaidi ya 9,000 huko San Diego. Waliwauliza juu ya mapigo, matusi, kunajisiwa, na jeuri nyumbani wakati wa utoto. Waliona ya kwamba kadiri mabaya hayo yalivyokuwa mengi, ndivyo huzuni nzito, ulevi na hata magonjwa ya moyo yalivyozidi ukubwani. Na hao hawakukimbia mabomu. Walikuwa watu wa mji wenye amani.

Lakini sikilizeni vizuri hapa, maana wengine watakata tamaa. Kuzidi kwa hatari si hukumu. Akina mama wengi walioteswa utotoni wanalea watoto wao kwa upole mkubwa. Mara nyingi utakuta nyuma yao kuna mtu mmoja aliyesimama nao: nyanya, shangazi, mwalimu, mume mwenye subira, jirani aliyewasikiliza bila kuwacheka. Wahenga walisema pia: mkono mmoja haulei mwana. Methali hiyo tumeisahau, na ndiyo tunayoihitaji zaidi.

Basi tufanye nini?

Wewe mama, siku hasira inapopanda, mlaze mtoto mahali salama, toka mlangoni, pumua polepole, hesabu mpaka 20, kisha rudi. Kumwacha alie kidogo ni bora kuliko kumpiga. Kila siku mtafutie dakika chache za kumtazama machoni na kumwimbia, hata kama chakula ni sombe peke yake. Na ikiwa hulali siku nyingi, au unapata mawazo ya kujiua au ya kumdhuru mtoto, usingoje. Mwambie mtu unayemwamini, akusindikize kituo cha afya. Kule Bukavu, hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka wa 1999, inawasaidia wanawake waliobakwa kwa matibabu ya mwili, lakini pia kwa ushauri wa moyo, msaada wa sheria na njia ya kupata riziki. Kuumia moyoni ni ugonjwa kama mwingine, na unahitaji msaada.

Wewe baba, kubeba mtoto hakukupunguzii uanaume. Mchukue saa moja jioni ili mama apumzike.

Ninyi wa likelemba, mnapokutana kuchanga pesa, changeni pia zamu: leo huyu awaangalie watoto wa wenzake, kesho yule.

Na ninyi mashefu, kwenu ninasema kama mtu aliyesoma sheria. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa, na kumshtaki kuwa mchawi. Mama aliyechoka akiambiwa na mtu ya kwamba mtoto wake anayelia usiku ni mchawi, kazi yenu ni kumzuia msemaji huyo siku ile ile. Pia sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inataka nidhamu, nyumbani na shuleni, iheshimu utu wa mtoto. Sheria hiyo inakataza pia kumwoza mtoto.

Kuna jambo moja zaidi, na linauma. Msichana anabakwa, kisha jamaa mbili zinakaa, mbuzi anatolewa, bia inanywewa, na shefu anasema maneno yamekwisha. Hayajakwisha. Sheria za Julai 2006 zinahesabu ubakaji kuwa kosa kubwa la kuhukumiwa mahakamani, wala mbuzi hawezi kulifuta. Wazee wameshiba, lakini msichana amebaki na jambo lake. Baada ya miaka 10 atakuwa mama, na siku hiyo mtamwita barazani mumuulize kwa nini anapiga watoto.

Wasikilizaji, tunapoongea amani, tunafikiria majenerali, mikataba na miji mikubwa ya mbali. Ni kweli, amani hiyo tunaingoja, na ni haki yetu kuidai. Lakini mtoto wa miaka 3 hangoji mkataba. Anajifunza leo, kwa sauti na mikono ya anayemlea, kama watu ni wa kuaminiwa au ni wa kuogopwa. Tukimsaidia mama yake, mtoto huyo atakua akijua ya kwamba ugomvi unaweza kumalizwa bila kupigana.

Kabla ya kuagana, ninawaachia maswali mawili ya kuzungumza nyumbani na barazani. La kwanza: katika avenyu yetu, ni mama gani anayelea peke yake, na nani alimtembelea juma hili? La pili: ni msichana gani tuliyemnyamazisha, naye bado anangoja haki?