Kutengeneza Sabuni Nyumbani: Maneno kwa Wanaoanza

Habari tuliyo nayo leo si ya vita wala ya kodi. Ni habari ya sabuni, kitu kidogo ambacho kila nyumba hukinunua, nacho huisha kabla mwezi haujaisha.

Wengi wametuuliza, “Je, mtu asiye na mtambo aweza kutengeneza sabuni ya kuogea kwake nyumbani?” Jibu letu ni kwamba aweza, na watu wengi hufanya hivyo. Lakini liko swali la pili ambalo wachache huliuliza, nalo ndilo kubwa zaidi, “Aweza kuifanya kazi hiyo bila ya kumdhuru mtu?” Hilo nalo lawezekana, lakini kwa masharti. Basi twaomba msikilize masharti kwanza, ndipo mfikiri habari ya faida.

ASILI YA SABUNI

Sabuni ni kitu cha zamani sana. Watu wa nchi nyingi walichuja maji katika majivu ya kuni, wakayapika pamoja na mafuta, wakapata sabuni laini. Kazi ile ilikuwa ya kubahatisha, maana majivu ya mti huu si sawa na majivu ya mti ule, na leo maji yake huwa makali, kesho hafifu. Mwaka 1791 Mfaransa mmoja, Nicolas Leblanc, alipata hati ya njia ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida, hata viwanda vikaweza kupata magadi mengi. Kisha mwaka 1823 Mfaransa mwingine, Michel Eugène Chevreul, alitoa kitabu cha uchunguzi wake juu ya mafuta, akaeleza jambo linalotokea ndani ya chungu cha mtengeneza sabuni.

Jambo lenyewe ni hili. Mafuta yakikutana na soda kali, vyote viwili hugeuka. Mafuta si mafuta tena, na soda si soda tena. Hupatikana sabuni, na pamoja nayo glisirini, ambayo ni laini na yafaa ngozi. Kwa hiyo sabuni iliyopimwa sawasawa na kungojewa haina soda kali ndani yake. Lakini soda ikizidi, ile iliyozidi haina mafuta ya kushikana nayo, hubaki humo ikingoja ngozi ya mtu. Mambo yote tutakayosema leo yanatoka katika jambo hili moja.

VIPIMO

Kila mafuta yana kiasi chake cha soda. Kilo 1 ya mafuta ya nazi huhitaji gramu 183 hivi za soda kali ili yageuke yote. Kilo 1 ya mawese huhitaji gramu 141 hivi tu. Tazameni basi: mtu akichukua kipimo cha nazi akakitumia kwa mawese, gramu kama 42 za soda zitabaki katika sabuni yake. Huyo hakutengeneza sabuni, ametengeneza kitu cha kuunguza watoto wake. Ndiyo sababu twasema kwamba kazi hii haifanywi kwa kikombe, wala kwa kijiko, wala kwa kukadiria kwa jicho. Hufanywa kwa mizani inayoonyesha gramu moja moja.

Mtu aweza kusema, “Mizani ni ghali, nami ni maskini.” Neno hilo ni la kweli, wala hatulidharau. Lakini akina mama watano wakichanga, mizani moja yawatosha wote, maana hakuna atengenezaye sabuni kila siku. Asiyeweza kupata mizani, hata ya kuazima, afadhali aendelee kununua sabuni dukani. Hasara ya fedha hurudi. Jicho likiungua huenda lisirudi.

Kwa anayeanza twashauri kipimo hiki: mafuta ya nazi gramu 500, mawese gramu 500, soda kali gramu 152, na maji safi gramu 330. Soda hii imepungua kidogo kuliko ile ambayo mafuta hayo yangeweza kuimaliza. Tumeipunguza makusudi, ili kosa dogo la mizani lisilete madhara, na mafuta machache yabaki kulainisha ngozi. Nazi hutoa povu jingi na kung'arisha. Mawese huifanya sabuni iwe ngumu isiyeyuke upesi. Sabuni ya nazi tupu yafaa sana kufulia, lakini watu wengi huona yakausha ngozi. Watu wa Kigoma wana mawese, watu wa Mafia na Unguja wana nazi. Biashara kati yao si jambo geni.

SODA YENYEWE

Soda tunayoisema ni ile iitwayo kostiki soda, yaani haidroksaidi ya sodiamu. Si magadi ya kulainishia maharagwe, wala si soda ya kuumulia mandazi. Hizo ni hafifu, hazitageuza mafuta ya chungu chenu. Tena msinunue dawa ya kuzibulia mabomba mkidhani ni kitu kile kile, maana nyingine huchanganywa na vitu vingine. Someni karatasi iliyobandikwa juu ya kopo. Kama haina maandishi, msiinunue.

Sasa twataka kusema neno zito. Katika nchi zetu jina “soda” ni jina la kinywaji ambacho watoto hukipenda kuliko maji. Mtu akiyatia maji ya kostiki katika chupa ya soda na kuiweka chini ya meza, amemtegea mwanawe mtego. Maji hayo hayana rangi. Mtoto huyadhani ni maji ya kunywa. Funda moja laweza kuunguza koo na umio hata asiweze kumeza chakula tena. Basi soda kali isiwekwe kamwe katika chupa ya kinywaji. Ikae ndani ya kopo lake, limefunikwa sana, katika sanduku lenye kufuli, na ufunguo uwe kwa mtu mzima mmoja.

Ikiwa mtoto amekwisha meza, msimtapishe, maana kinachopanda kitaunguza mara ya pili. Wala msimpe siki wala ndimu kwa kudhani zitaivunja nguvu. Msukutueni kinywa kwa maji, mkimbizeni hospitali, na kopo lile mlichukue mkamwonyeshe mganga. Ikiwa soda imemwagika juu ya ngozi au imeingia jichoni, vueni nguo zilizolowa, osheni kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20 au zaidi, kisha mwendeeni mganga. Jicho msingoje kuona kama litapoa lenyewe.

VYOMBO NA KAZI

Vyombo viwe vya stili, au vya plastiki ngumu isiyolegea kwa moto. Twawaonya khasa juu ya sufuria zetu hizi za alumini zilizomo katika kila jiko. Soda kali huila alumini, ikatoa povu na hewa inayoweza kuwaka moto, na sufuria hutoboka. Chombo kilichotumika kwa sabuni kisirudi jikoni kupikia. Mwenye kufanya kazi na avae glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, nguo ya mikono mirefu, na viatu vilivyofunika vidole. Ndoo ya maji safi iwe karibu naye. Kazi ifanywe nje penye upepo, naye asimame upande utokako upepo. Watoto, kuku na mbuzi wawe mbali.

Kwanza, pimeni maji, kisha pimeni soda mbali na maji. Mwagieni soda katika maji polepole huku mkikoroga. Kumbukeni neno hili, mlifundishe: soda huingia katika maji, maji hayaingii katika soda. Anayefanya kinyume huona maji yakichemka ghafula na kumrukia usoni. Hata mkifanya sawasawa, maji yatapata moto sana bila ya kuwekwa jikoni, na mvuke utatoka. Msiuvute. Acheni yapoe.

Pili, yeyusheni mafuta kwa moto mdogo, yasitoe moshi. Mafuta na maji ya soda vyote vikifikia joto la digrii 40 hivi, yaani mkigusa chombo kwa nje mwaona uvuguvugu tu, mimineni maji ya soda katika mafuta kidogo kidogo, mkikoroga bila ya kuacha.

Tatu, korogeni hata mchanganyiko uwe mzito kama uji mwepesi. Alama yake ni hii: mkiinua mwiko na kudondosha, tone hukaa juu na kuonekana kabla ya kuzama. Kwa mkono kazi hiyo yaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Hapa ndipo wanaoanza hukata tamaa, wakaongeza soda ili ishike upesi. Msiongeze! Vipimo vyenu ni kamili. Kilichopungua ni subira.

Nne, mimineni katika sanduku la mbao lililotandikwa plastiki, funikeni kwa blanketi, mwache kwa siku moja. Kisha ikateni mkiwa mmevaa glavu, kwa kuwa bado ni kali. Pangeni vipande kivulini penye hewa, kimoja kisigusane na kingine, kwa wiki 4 hata 6. Katika siku hizo soda humaliza kazi yake na maji hukauka. Mtapata vipande 13 hivi vya gramu 100.

Mkiona katika sabuni vijimaji vimejificha, au chembe nyeupe zinazochoma, msiitumie mwilini. Mwenye karatasi za kupimia ukali na apime povu. Sabuni nzuri husoma 9 au 10. Ikipita hapo sana, si ya kuogea.

MANUKATO NA DAWA

Wengi hupenda kutia vitu vyenye harufu. Mafuta ya karafuu ni mazuri, lakini ni makali kwa ngozi, tena huufanya mchanganyiko ushike kwa ghafula. Nusu kijiko cha chai kwa kilo ya mafuta yatosha. Maji ya ndimu msitie, kwa sababu huua soda na kuharibu vipimo. Huko Unguja, ambako mwani ulianza kulimwa kwa biashara mwaka 1989, akina mama husaga mwani mkavu wakautia katika sabuni, nao huipata bei njema kuliko mwani mtupu.

Lakini tusidanganyane. Mtu akiwaambia kwamba sabuni yake yaponya magonjwa, mwulizeni ushahidi. Mwaka 2016 Serikali ya Marekani ilipiga marufuku dawa 19 zilizokuwa zikitiwa katika sabuni za kuua vijidudu, kwa kuwa watengenezaji hawakuweza kuonyesha kwamba zilikuwa bora kuliko sabuni ya kawaida na maji. Kinachookoa watu ni kunawa kwenyewe, kwa sekunde 20, baada ya kutoka chooni na kabla ya kushika chakula. Na sabuni zinazoahidi kuifanya ngozi nyeusi iwe nyeupe, zikimbieni. Baadhi yake zimeonekana zina zebaki, ambayo hudhuru figo, nayo humfikia hata mtoto aliye tumboni mwa mamaye.

HABARI YA KUUZA

Anayetaka kuuza asianze kwa kuuza. Atengeneze kwanza kwa ajili ya nyumba yake mara tatu au nne, akiandika katika daftari tarehe, vipimo na matokeo. Daftari hilo ndilo mwalimu wake. Kisha apige hesabu ya mafuta, soda, kuni, karatasi na siku zake za kazi, maana wengi huhesabu mafuta tu, wakadhani wamepata faida. Kwa Tanzania Bara, SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, hufundisha kazi za namna hii, na Shirika la Viwango ndilo la kuuliza habari ya alama ya ubora kabla ya kupeleka mali sokoni.

MWISHO

Wazee na machifu, kwenu twaomba jambo moja: soda ikiingia kijijini, ijulikane iko kwa nani na imefungiwa wapi. Walimu, wafundisheni watoto sura ya kopo lile na wasiliguse; wala msiwape kazi ya kukoroga kwa kisingizio cha masomo. Nanyi mnaoanza, anzeni kwa kilo moja, si kwa pipa. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii haraka ina moto.

Ikiwa mwaka ujao kutakuwa na sabuni katika kila nyumba ya kijiji, na hakuna hata mtoto mmoja aliyeungua, hapo ndipo tutakapohesabu kwamba maneno yetu ya leo yamefaa.